Ndovu wa Mawe wa Lucknow: Uhakiki wa Bustani ya Ambedkar na Dada Aliyeijenga

Ndugu zetu wengi wanaokwenda India kwa matibabu, masomo au biashara hufikia Delhi na miji iliyo pembeni yake, na wakipata siku mbili za mapumziko hukimbilia Agra kuitazama Taj Mahal, hupiga picha, kisha hurudi. Sina ugomvi na Taj Mahal. Hata hivyo, mdogo wangu anayesoma Greater Noida aliponiuliza ningependa kwenda wapi nilipomtembelea, nilimwambia tupande treni ya alfajiri kwenda Lucknow, makao makuu ya jimbo la Uttar Pradesh, umbali wa takribani kilomita 500, nikaione bustani ambayo nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka mingi kama mfano wa ufujaji wa fedha za umma. Nilitaka kujua iwapo mahali penyewe panafanana na sifa hiyo.

Jina lake rasmi ni refu: Dr. Bhimrao Ambedkar Samajik Parivartan Prateek Sthal, yaani mahali pa alama ya mabadiliko ya kijamii pa Dkt. Bhimrao Ambedkar. Wenyeji hawajisumbui nalo. Mwambie dereva wa bajaji "Ambedkar Park" naye atakufikisha mtaa wa Gomti Nagar bila swali la pili. (Bajaji za huko ndizo mama wa bajaji zetu, kwa hiyo msafiri kutoka Dar es Salaam hatajiona mgeni barabarani, makelele ni yale yale na ubishi wa nauli ni ule ule.) Kiingilio ni rupia chache ambazo haziwezi kumtia mtu hasara, na bustani ina ukubwa wa ekari 107, sawa na takribani viwanja 60 vya mpira, karibu zote zikiwa zimetandikwa mawe.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapoingia. Usiende mchana. Mawe ya mchanga yenye rangi kati ya nyekundu na waridi hunyonya jua tangu asubuhi na ifikapo saa nane huwa yanalirudisha lote usoni mwako, na vivuli ni vichache kwa sababu aliyebuni mahali hapa alijali zaidi nguzo kuliko miti. Nenda saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, ukae mpaka taa ziwashwe. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji, na kama unakwenda na mzee au mgonjwa aliyetoka hospitali karibuni, panga mapumziko kila baada ya hatua mia mbili, kwa kuwa umbali kutoka jengo moja hadi jingine huonekana mfupi machoni kuliko ulivyo miguuni.

Tulikuwa tumemkodi mwongozaji kupitia wakala mmoja wa utalii ambaye sitamtaja. Kijana yule alikuwa na adabu na alijua vipimo vyote: kwamba stupa kuu (jengo la kumbukumbu la Kibuddha lenye kuba) ina urefu wa futi 112, kwamba imejengwa kwa umbo la ua lenye petali nne, kwamba ujenzi wa bustani nzima hutajwa kuwa uligharimu takribani rupia bilioni 7. Alipofika kwenye safu ya ndovu wa mawe, ambao wamesimama kwa makumi wakitazamana pande mbili za njia pana, alisema tu kwamba ndovu ni mnyama wa baraka, akatuomba tusogee ili atupige picha. Mdogo wangu alimuuliza kwa Kihindi chake cha kuokoteza kwa nini wote wameinua mikonga. Kijana akacheka, akasema ndovu ndivyo walivyo.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike uhakiki huu. Mikonga ile ina habari yake, na bila kuijua habari hiyo mgeni atakuwa amelipia matembezi kwenye uwanja wa mawe tu. Bustani hii ni wasifu wa mtu. Aliyeijenga ni Mayawati, mwanamke wa kwanza Mdalit kuwa waziri kiongozi wa jimbo nchini India, na njia bora ya kuitembelea ni kutembea huku ukiwa na historia yake kichwani, maana kila kilichomo ndani kimewekwa kwa sababu.

Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni kwake, Dalit maana yake ni waliopondwa au waliovunjwa, nalo ni jina ambalo watu wa tabaka lililoitwa "wasioguswa" wamejichagulia wenyewe. Kwa karne nyingi walifungiwa kazi za kuzoa vinyesi, kuchuna ngozi za mizoga na kulima mashamba ya wengine. Walikatazwa visima na mahekalu, na mara nyingi hata kivuli chao hakikuruhusiwa kumgusa mwenye tabaka la juu. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa msingi huo, na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba hiyo alikuwa Mdalit mwenyewe, Bhimrao Ambedkar, mwanasheria na mchumi aliyezaliwa mwaka 1891. Huyo ndiye utakayemkuta ndani ya stupa, ameketi kitini kwa sanamu ya shaba kubwa kiasi kwamba mtu mzima husimama chini ya kiwango cha magoti yake.

Nilikaa pale karibu nusu saa nikitazama watu badala ya sanamu. Alikuja bibi mmoja mwenye sari ya pamba iliyofifia, ameongozana na watu ambao nilidhani ni mwanawe, mkwewe na wajukuu watatu. Watoto walikuwa wakikimbizana. Bibi alisimama mbele ya Ambedkar, akavua kandambili zake ingawa hakuna aliyemwamuru, akanyoosha mkono kuelekea sanamu kisha akaugusisha kwenye paji lake la uso. Alikaa hivyo kitambo. Mwanawe alipomwita alisema "Jai Bhim", salamu ambayo Wadalit husalimiana kwayo kulitukuza jina la Ambedkar, na wale watoto wakaacha michezo yao wakaitikia kwa pamoja kama wanaoitikia shikamoo. Mwongozaji wetu wakati huo alikuwa nje, anazungumza na simu.

Mayawati alizaliwa Delhi tarehe 15 Januari 1956, mwaka ule ule ambao Ambedkar alifariki mwezi Desemba. Familia yao ni ya jamii ya Wajatav, asili yao ni kijiji cha Badalpur, si mbali na ilipo Noida ya leo, na baba yake alikuwa mtumishi mdogo serikalini. Alisoma shahada ya kwanza, akasomea ualimu, akafundisha katika shule ya mtaa wa watu maskini huku jioni akisomea sheria na kujiandaa kwa mtihani wa kuingia katika utumishi wa juu wa umma, ule ambao kwa familia nyingi za India ndio kilele cha ndoto. Mwaka 1977, katika mkutano mmoja jijini Delhi, alisimama akamshambulia kwa maneno mwanasiasa mkubwa wa chama tawala, Raj Narain, kwa kuwaita watu wake "Harijan", watoto wa Mungu, jina lililoenezwa na Gandhi ambalo wao waliliona ni la kuwahurumia. Binti huyo mwalimu alikuwa na miaka 21.

Habari zilimfikia Kanshi Ram. Huyu alikuwa Mdalit kutoka Punjab aliyeacha kazi katika maabara ya serikali mjini Pune baada ya mgogoro kuhusu sikukuu za kuzaliwa kwa Buddha na Ambedkar, akazunguka nchi nzima, mara nyingi kwa baiskeli, akiwaunganisha watumishi wa umma wa matabaka ya chini. Alikwenda nyumbani kwa kina Mayawati, akakuta vitabu vya mtihani viko mezani, akamwambia kwamba anaweza kumfanya kiongozi ambaye maofisa wa ngazi aliyokuwa akiiota watapanga foleni kusubiri amri zake. Baba hakufurahi. Binti alihama nyumbani. Sanamu za Kanshi Ram na Mayawati zinapokaribiana katika bustani hii, tukio hilo la sebuleni ndilo linalozungumzwa, na ni wajibu wa mwongozaji yeyote anayelipwa kulisimulia.

Tarehe 14 Aprili 1984, siku ya kuzaliwa kwa Ambedkar, Kanshi Ram alianzisha chama cha Bahujan Samaj, yaani jamii ya walio wengi. Hesabu yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: Wadalit, matabaka mengine ya chini na wachache wa kidini wakipiga kura pamoja, wao ndio wengi, na mwenye wingi ndiye mwenye nchi. Alama ya chama ikawa ndovu. Mayawati aligombea ubunge Kairana mwaka 1984 akashindwa, akagombea Bijnor mwaka 1985 akashindwa, akagombea Haridwar mwaka 1987 akashindwa, na hatimaye akarudi Bijnor mwaka 1989 akashinda. Ninautaja mlolongo huo wa kushindwa kwa makusudi, kwa sababu mawe ya Lucknow hayana sauti ya kukutajia.

Kisha ikaja nyumba ya wageni. Mwaka 1993 chama chake kiliungana na Samajwadi, chama cha Mulayam Singh Yadav ambacho nguvu yake ni jamii ya Wayadav, wafugaji na wakulima walio juu kidogo ya Wadalit katika ngazi ile ya matabaka, nao wakaunda serikali ya jimbo pamoja. Vijijini, hata hivyo, mara nyingi Myadav ndiye mwenye shamba na Mdalit ndiye kibarua wake, na muungano wa ikulu haukufuta ugomvi wa mashambani. Mwanzoni mwa Juni 1995 Mayawati alitangaza kujitoa. Tarehe 2 Juni, akiwa amekutana na wabunge wake katika nyumba ya wageni ya serikali mjini Lucknow, kundi la wafuasi na wabunge wa Samajwadi liliivamia nyumba hiyo, likawapiga na kuwakamata baadhi ya wabunge wake, likatukana jina la tabaka lake mlangoni pa chumba alimojifungia kwa masaa. Kesho yake, tarehe 3 Juni, aliapishwa kuwa waziri kiongozi, akiungwa mkono kutoka nje na BJP, chama kilichojulikana kwa kura za matabaka ya juu. Alikuwa na miaka 39. Wazanzibari, ambao walikuwa na Waziri Kiongozi wao mpaka mwaka 2010, wataelewa cheo hicho bila maelezo. Kwa wengine inatosha kusema kwamba jimbo lake kwa sensa ya mwaka 2011 lilikuwa na watu takribani milioni 200, zaidi ya Tanzania, Kenya na Uganda za wakati huo zikijumlishwa.

Serikali hiyo ya kwanza ilidumu miezi minne na ushee. Katika muda huo mfupi ndipo ulipozaliwa mradi wa bustani hii, jambo ambalo nadhani linaeleza mengi kuhusu tabia yake: kiongozi asiyejua kama atafika Krismasi anaanza kujenga kwa mawe. Alirudi madarakani mwaka 1997 kwa mapatano ya ajabu na BJP, kila chama kikishika uongozi kwa miezi sita. Yeye alimaliza zamu yake, na mwenzake alipoingia haukupita muda Mayawati akaondoa uungaji mkono. Alirudi tena Mei 2002 akaondoka Agosti 2003. Wakosoaji husema hakuwa na msimamo, kwamba leo yuko na huyu na kesho na yule. Mimi naona alikuwa akifanya biashara ya mwenye mtaji mdogo, ambaye hawezi kumiliki duka lakini anajua kwamba bila yeye duka halifunguliwi.

Katika vipindi hivyo vifupi alifanya mambo ambayo mtalii hayaoni. Aliupanua mpango wa vijiji vya Ambedkar, ambapo vijiji vyenye Wadalit wengi vilitangulizwa katika barabara, pampu za maji na nyumba. Aliunda wilaya mpya na kuzipa majina ya mashujaa wa matabaka ya chini, mojawapo ikiwa Gautam Buddha Nagar, ambako ndiko Noida iliko na ndiko mdogo wangu anakosoma bila kujua kwamba jina la wilaya iliyo kwenye kitambulisho chake lilitolewa mwaka 1997 na mama huyu. Nilipomwambia alikitoa kitambulisho mfukoni akakisoma upya.

Mwaka 2007 ulikuwa wa kilele. Chama ambacho kiliwahi kuhusishwa na kaulimbiu ya kuwapiga viatu Wabrahmin (tabaka la makuhani), wafanyabiashara na tabaka la wapiganaji, kiligeuka kikawaita Wabrahmin waingie ndani. Ndovu, ambaye jana alikuwa mnyama wa waliopondwa, ghafla akaelezwa katika mashairi ya kampeni kuwa ni Ganesh, mungu mwenye kichwa cha ndovu. Chama kikapata viti 206 kati ya 403 vya bunge la jimbo kwa takribani asilimia 30 ya kura, na kwa mara ya kwanza Mayawati alitawala peke yake, akamaliza miaka mitano. Mwanzoni aliwashangaza wengi: mbunge wa chama chake mwenyewe alikamatwa nje ya makazi yake kwa tuhuma za kunyang'anya watu ardhi. Na mafundi wa mawe wakaitwa tena Gomti Nagar. Bustani ilifunguliwa kwa umma tarehe 14 Aprili 2008.

Sasa turudi kwenye huduma yenyewe, nikianza na sanamu yake. Mayawati amejiweka humu akiwa hai, jambo ambalo kwa desturi zetu na zao ni la kukunja uso. Amevaa nguo za kawaida, nywele fupi, na mkononi ameshika mkoba. Vyombo vya habari vya Kiingereza vya India viliucheka mkoba huo kwa miaka. Nilisogea karibu kadiri kizuizi kilivyoruhusu. Mchongaji ameutendea haki: mikanda imelala sawasawa, kama ya mkoba wa mwanamke anayetoka ofisini kuelekea kituo cha basi. Mtu ambaye bibi zake walikatazwa kuvaa vito au kubeba chochote isipokuwa mzigo wa mwingine, amechongwa na mkoba wake mwenyewe. Wapo wanaouona ni majivuno, nao hawajakosea kabisa. Mimi nilipenda zaidi mkoba kuliko stupa.

Majengo mengine nitayapita haraka. Kuna sanamu za watu waliopigania matabaka ya chini kutoka kila pembe ya India, akiwamo Jyotirao Phule wa Maharashtra, Narayana Guru wa Kerala na Birsa Munda, kiongozi wa makabila ya misituni aliyefia gerezani mwa Waingereza. Ukichoka miguu, keti kwenye ngazi za upande wa stupa. Ndipo upepo wa mto Gomti unapofika. Usafi wa sakafu niliokuta ni wa kupigiwa mfano.

Ndovu, sasa. Upinzani ulifika mahakamani ukidai kwamba ndovu ni alama ya chama, na kwamba kujaza mji ndovu kwa fedha za umma ni kampeni ya milele ya mawe. Utetezi wa Mayawati ulikuwa wa kiufundi kwa namna inayochekesha: ndovu wa chama ameshusha mkonga, ilhali ndovu wa bustani wameuinua, ishara ya kukaribisha wageni inayoonekana katika majengo ya kale ya India tangu zamani. Ndiyo maana ya mikonga ile. Kila ndovu unayempita ni hoja ya wakili.

Hoja hiyo haikuishawishi Tume ya Uchaguzi ulipokaribia uchaguzi wa mwaka 2012. Mwezi Januari iliagiza ndovu wote na sanamu zote za Mayawati zifunikwe mpaka kura zipigwe, na picha za vibarua wakiwafunga wanyama wakubwa wa mawe kwa maturubai na plastiki zikazunguka dunia. Wahindi wana methali kwamba ndovu aliye hai ni wa laki na aliyekufa ni wa laki na robo (hiyo laki yetu tunayohesabia shilingi ndiyo hiyo hiyo yao), na upande wa Mayawati ukaigeuza papo hapo: ndovu aliye wazi ni wa laki, aliyefunikwa ni wa laki na robo. Ulikuwa utani mzuri ila haukuleta kura za kutosha. Chama chake kilipata viti 80, Samajwadi 224, na mtoto wa Mulayam, Akhilesh, akawa waziri kiongozi. Miezi michache baadaye watu waliivunja kichwa sanamu yake moja mjini Lucknow. Serikali ya mahasimu wake, ikiogopa ghasia, ilisimamisha nyingine mahali pale pale kabla hata siku mbili hazijapita.

Kuhusu fedha sitamtetea. Bilioni 7 ni za bustani hii moja, na haikuwa peke yake. Ya Noida pekee ilitajwa kugharimu takribani rupia bilioni 6.85. Mwaka 2013 ripoti ya mchunguzi wa maadili wa jimbo ilitaja hasara ya takribani rupia bilioni 14 katika ununuzi wa mawe ya kumbukumbu hizi za Lucknow na Noida, ikawataja mawaziri wawili wa zamani miongoni mwa waliohusika. Katika jimbo ambalo mtoto wa Mdalit anaweza kusoma chini ya mwembe, fedha hizo zingejenga madarasa mengi. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwa mdomo kwamba kwa mtazamo wake wa awali Mayawati anapaswa kuzirudisha. Yeye akajibu kwa kiapo kwamba sanamu zilikuwa mapenzi ya wananchi. Januari 2025 kesi ikafungwa. Lakini nilipomuuliza yule dereva mzee wa bajaji aliyeturudisha jioni, ambaye alikuwa na kibandiko kidogo cha ndovu karibu na usukani, alijibu kwa swali, mdogo wangu akinitafsiria: Delhi kando ya mto Yamuna kuna ekari ngapi za makumbusho ya Gandhi na ukoo wa Nehru, na ni nani aliyewahi kuwauliza bei? Sikuwa na takwimu za kumjibu. Kila mara alipomtaja Mayawati alisema "Behenji", dada mheshimiwa, kwa sauti ile ile ambayo kwetu mtu humtaja shangazi aliyemsomesha.

Upungufu mkubwa wa mahali hapa hautokani na walinzi wala wauza tiketi. Mawe yalichongwa wakati mwenyewe akiwa juu, kwa hiyo wasifu umekatika kileleni, na mgeni hutoka akidhani ametembelea ushindi. Yaliyofuata inabidi uje nayo mwenyewe. Mwaka 2014 chama chake hakikupata hata kiti kimoja katika Bunge la India ingawa kilipata karibu kura moja kati ya kila tano jimboni mwake, kwa kuwa mfumo wa mshindi kuchukua vyote humwadhibu mwenye kura zilizotawanyika. Mwaka 2017 kilipata viti 19 jimboni. Mwaka 2019 aliungana tena na Samajwadi, na mwezi Aprili akapanda jukwaa moja na Mulayam mjini Mainpuri, miaka 24 baada ya nyumba ya wageni, akamwombea kura; chama chake kilipata viti 10 vya Bunge la India, kisha muungano ukavunjika. Mwaka 2022 kilibaki kiti kimoja kati ya 403. Mwaka 2024, sifuri tena katika Bunge la India. Wadalit wengi nje ya jamii yake ya Wajatav wamehamia BJP, vijana wengine wanafuata viongozi wapya, na mpwa wake aliyemtangaza kuwa mrithi mwaka 2023 amemwondoa na kumrudisha zaidi ya mara moja.

Na bado, tarehe 9 Oktoba 2025, kumbukumbu ya kifo cha Kanshi Ram, alijaza watu katika uwanja wa kumbukumbu nyingine aliyoijenga Lucknow. Katika hotuba hiyo aliishukuru serikali ya BJP kwa kutumia fedha za tiketi za wageni kukarabati bustani hizi, akawalaumu Samajwadi kwa kuzizuia walipokuwa madarakani. Kwa mhakiki wa huduma hiyo ni taarifa muhimu: zile rupia chache unazotoa dirishani zimekuwa hoja ya kisiasa kabla hujavuka lango.

Kama ratiba yako haikuruhusu kufika Lucknow, ile ya Noida inafikika kwa metro, ukishuka kituo cha Okhla Bird Sanctuary. Ina miti mingi zaidi, ndovu wachache zaidi, na ilifunguliwa tarehe 14 Oktoba 2011, siku ambayo miaka 55 nyuma Ambedkar aliacha Uhindu akaingia Ubuddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi wake. Kwa mwenye mgonjwa hospitalini Noida, ni matembezi ya saa mbili yasiyochosha. Kwa mwenye miguu mizima, bado nasema panda treni. Na kama ni lazima ukodi mwongozaji, kabla ya kumlipa muulize kwa nini ndovu wameinua mikonga.